Mwalimu Sokoni: Sanaa ya Mubashara na Fanani Wake

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba sanaa ya mdomo haitimii mpaka yapatikane mambo matatu: fanani, hadhira, na tukio linalowakutanisha. Kanuni hiyo imetutosha kwa muda mrefu, nasi tumeitumia kuzichambua ngano za bibi zetu, nyimbo za jandoni, mashairi ya majibizano na taarabu. Lakini katika miaka hii imezuka sanaa ambayo ina fanani, tena ina hadhira ya mamilioni, ila tukio lake halina mahali. Fanani ameketi chumbani mbele ya kamera. Hadhira imetawanyika, huyu yumo kwenye basi, yule yumo kitandani, mwingine yuko jikoni anasubiri wali uive. Hawasikiani pumzi. Sanaa hiyo ni urushaji mubashara mtandaoni, ambao vijana wetu huutaja kwa neno moja tu, "laivu".

Wako wazee wenzetu wasemao kwamba jambo hili ni upuuzi wa simu, na kwamba mhakiki akilishughulikia anajishushia hadhi. Hatukubaliani nao. Kazi ya mhakiki ni kupima, naye hawezi kupima kitu alichokataa kukitia mizanini. Hata hivyo, katika makala haya hatutazungumzia fani peke yake. Sanaa hii inamla mtu wake kwa namna ambayo sanaa zetu za zamani zilijua kuizuia, nasi twakusudia kuonyesha jinsi zilivyoizuia.

Mfano wetu mkubwa utatoka China, kwa kuwa huko ndiko kazi hii ilikokua hata ikawa ajira yenye jina katika daftari za serikali. Mwezi Julai 2020 muuzaji wa mubashara aliingizwa katika orodha ya kazi mpya zinazotambuliwa nchini humo, na mwezi Julai 2024 mrushaji wa mtandaoni naye akaingizwa kwa jina lake. Ripoti za huko zilieleza kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 watu zaidi ya milioni 15 walikuwa wakiifanya kazi hiyo kama kazi yao ya kudumu. Wala mfano huu hauko mbali nasi kama tunavyoweza kudhani. Kampuni ya ByteDance, iliyoanzisha mtandao wa Douyin kwa ajili ya China mwaka 2016, ndiyo iliyoutoa TikTok kwa ajili ya nchi nyingine mwaka uliofuata. Kijana wa Mombasa au wa Dar es Salaam anayewaomba watazamaji wake wamtumie waridi usiku wa manane anatumia fani iliyopikwa na kuivishwa huko.

Fanani tutakayemchambua ni Dong Yuhui. Alizaliwa mwaka 1993 katika familia ya wakulima mkoani Shaanxi, akasomea lugha ya Kiingereza mjini Xi'an, kisha akawa mwalimu wa lugha hiyo katika New Oriental, kampuni ya masomo ya ziada iliyoanzishwa na Yu Minhong. Mwezi Julai 2021 serikali ya China ilitoa agizo la kuwapunguzia wanafunzi mzigo, ikazuia biashara ya faida katika masomo ya ziada yanayofuata mitaala ya shule. Twaweza kulielewa agizo hilo, maana sisi wenyewe tunayajua masomo ya ziada na tunajua mzazi masikini anavyokamuliwa nayo. Lakini agizo likiwa jema bado lina watu linaowaangukia. Januari 2022 Yu Minhong aliandika kwamba watumishi 60,000 walikuwa wameachishwa kazi na kwamba thamani ya kampuni katika soko la hisa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 90. Madawati na viti vya madarasa yaliyofungwa, seti karibu 80,000, viligawiwa shule za vijijini. Walimu waliobaki wakaambiwa wauze mazao ya shamba. Tarehe 28 Desemba 2021 likafunguliwa duka la mubashara liitwalo Oriental Selection, na watu waliokuwa wakifundisha sarufi wakasimama mbele ya kamera kunadi mchele, mahindi na nyama.

Mwalimu anayesoma makala haya na alitafakari jambo hilo. Ufundi alioutumikia mtu kwa miaka hauibiwi na mwizi, wala haushindwi na ufundi mwingine ulio bora. Unatangazwa tu kwamba tangu leo hautakiwi. Kesho yake mwenye ufundi anaambiwa ajifunze kutabasamu. Kwa miezi kadhaa watazamaji wa duka lile walikuwa wachache, na wengi walioingia waliwaona walimu wale kuwa watu wa kuhurumiwa.

Mwezi Juni 2022 mambo yakageuka. Dong aliuza nyama ya ng'ombe akiwa na ubao mdogo mweupe, akaandika maneno ya Kiingereza, akayafafanua, akarudi kwenye nyama. Kutoka katika hindi la kuchemsha alikwenda mpaka utoto wake kijijini; kutoka katika mchele akaingia katika ushairi wa kale wa kwao na katika falsafa, kisha akarudi mezani akataja bei. Uso wake wa mraba aliufanyia utani yeye mwenyewe, akiufananisha na zile sanamu za askari wa udongo zilizofukuliwa karibu na Xi'an. Kwa siku chache tu wafuasi wa duka walipanda kutoka milioni 1 hivi hadi zaidi ya milioni 10.

Nguvu ya fani yake iko katika uchepukaji. Muuzaji wa kawaida wa mubashara hupiga kelele, huhesabu kurudi nyuma, humtisha mnunuzi kwamba mali inakwisha. Hiyo ndiyo fani ya mpiga mnada wetu wa mitumba, ila mpiga mnada wetu ana utani zaidi. Dong aliiacha njia hiyo. Alizungumza taratibu, akauacha mchele ukae mezani kama kitu kisicho na haraka, akamwacha msikilizaji ajisahau kwamba yumo dukani. Mtambaji hodari wa ngano hufanya hivyo hivyo, maana anajua kwamba hadhira hufuata kisa na hufuata pia mapumziko yaliyo ndani ya kisa. Na kila mwalimu mzuri anajua kwamba darasa lililosinzia huamka pale anapotoka kidogo nje ya somo. Kwa hiyo wale wasemao kwamba Dong alifaulu kwa kujifunza biashara hawakumsikiliza. Alifaulu kwa kubaki mwalimu mahali pasipomhitaji mwalimu.

Matunda ya ualimu huo yalikuwa ya kweli. Miongoni mwa bidhaa zake vilikuwamo vitabu. Riwaya ya Chi Zijian juu ya wafugaji wa kulungu wa kabila la Waevenki, iliyotoka mwaka 2005 na ambayo msimulizi wake ni bibi kizee wa miaka 90, ilipata wasomaji wapya kwa mamia ya maelfu baada ya Dong kuizungumzia. Januari 2024 aliwaketisha waandishi mbele ya kamera pamoja na jarida la fasihi la taifa, lililoanzishwa mwaka 1949, na kwa saa chache watu kwa makumi ya maelfu wakajiandikisha kulinunua. Sisi tunaolilia wasomaji wa majarida yetu tusione haya kusema kwamba habari hiyo ilitutia wivu.

Lakini uhakiki hauwezi kuishia kwenye sifa. Utamu wa Dong una kasoro, nayo ni wingi. Mtu asemaye kwa saa nyingi, usiku baada ya usiku, hana budi kuchota katika kisima kimoja. Kijiji, wazazi, mavuno, upweke wa kijana aliyehamia mjini: mambo hayo yalikuwa na ukweli yalipotajwa mara ya kwanza. Kila bidhaa ilipopewa chozi lake, chozi likawa kifungashio. Mshairi akitunga beti kumi kwa mwezi anaweza kuzichoma tisa, na shairi likafaidika. Fanani wa mubashara hana moto wa kuchomea, akishasema amesema.

Kuna kisa kinachoonyesha jambo hilo kwa uchungu. Septemba 2024, akizungumzia maisha ya Marie Curie, Dong alisema kwamba mama huyo aligundua uraniamu, tena kwamba alipata tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwanafunzi wa sayansi wa kidato cha nne anajua kwamba Marie Curie aligundua poloniamu na rediamu, na kwamba tuzo zake zilikuwa za fizikia mwaka 1903 na za kemia mwaka 1911. Wengi walimcheka, wakasema kumbe usomi wake ulikuwa wa kuigiza. Dong aliomba radhi. Sisi twaliona kosa lile kuwa ni ushahidi juu ya kazi yenyewe kuliko juu ya mtu. Mwalimu huandaa somo la dakika 40 kwa saa nzima au zaidi, na akichoka kengele humwokoa. Mweke mwalimu huyo mbele ya darasa la mamilioni, bila kengele, bila kitabu cha maandalio, na umtake awe na hekima juu ya kila kitu kuanzia unga hadi mionzi, kisha usishangae.

Hapa yafaa turudi nyumbani kidogo, maana tunaye fanani wa kulinganisha naye. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi, naye alitembeza vyungu mjini akivinadi kwa sauti yake. Sauti hiyo ndiyo iliyomtoa katika vyungu ikamwingiza katika taarabu, hata mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na tunawasihi walimu wasiuache kabatini. Siti alitoka kuuza akaenda kuimba. Dong alitoka kufundisha akaenda kuuza. Njia zao zimepishana, lakini wote wawili waliishi kwa kile ambacho hadhira huwapa mafanani wake, nacho twakiita tunzo.

Tunzo ya taarabu ina adabu zake. Mtunzaji huinuka kitini, huja mbele kwa madaha, huitoa pesa yake mbele ya macho ya wote, akarudi kukaa. Asiyeijua mila hudhani hayo ni malipo tu. Kumbe mtunzaji anasema neno: kwamba ubeti huu umeniingia, au kwamba ubeti huu namrushia fulani aliyekaa kule, naye analijua kosa lake. Tunzo inayaelekea maneno. Mwimbaji huipokea bila kuukatiza wimbo, kwa kuwa wimbo si wake peke yake. Una mtunzi, una wapigaji, na una wote wanaoutilia maana zao usiku ule. Pesa inapita mkononi mwake, lakini nafsi yake haijauzwa.

Zawadi ya mubashara haiendi hivyo. Picha ya waridi au ya simba hupita juu ya kioo cha simu, na fanani hukatiza alilokuwa akilisema, humtaja mtoaji kwa jina, humsifu, pengine hufanya kituko alichoagizwa. Mtandao nao huchukua sehemu kubwa ya pesa ile kabla haijamfikia. Kwa muuzaji kama Dong zawadi ilikuja kwa sura ya ununuzi: mtu alinunua mfuko wa mchele ili amwambie Dong kwamba anampenda. Katika hali hizo mbili wimbo umeondolewa katikati. Hadhira na fanani wamebaki uso kwa uso, na kati yao hakuna kitu cha tatu cha kubeba sifa wala cha kubeba matusi.

Matusi nayo yana historia yake. Siti alisimangwa kwa asili yake ya shamba na kwa sura yake, tena alisimangwa kwa nyimbo. Naye akajibu kwa wimbo ambao wapenzi wa taarabu wanaujua mpaka leo. Mila ya majibizano ilimpa mahali pa kuliweka jeraha lake, likageuka kazi ya sanaa, na waliomsimanga wakabaki na aibu yao. Fanani wa mubashara hana mahali hapo. Tusi hupita chini ya uso wake likiwa maandishi, limetoka kwa mtu asiye na sura, na nyuma yake yaja mengine elfu. Akijibu, anaharibu biashara, akinyamaza, anayameza.

Tazama yaliyompata Li Jiaqi, muuzaji wa vipodozi ambaye umaarufu wake nchini China ulikuwa mkubwa kuliko wa Dong, naye mwenyewe alianza kama muuzaji wa kaunta. Septemba 2023 mtazamaji aliandika kwamba kalamu ya nyusi ya yuan 79 imekuwa ghali. Li akakereka, akauliza kama watu wanajiuliza iwapo miaka yote hii wamefanya kazi kwa bidii, na iwapo mishahara yao imepanda. Maneno hayo yakaenea nchi nzima, na siku iliyofuata aliomba radhi huku akilia. Hatumtetei. Kumkejeli mfanyakazi mwenye mshahara mdogo ni jambo baya katika kinywa chochote, na katika kinywa cha mtu aliyesimama kwenye kaunta ni baya zaidi. Lakini mhakiki analazimika kuuliza kwa nini hasira ya sekunde chache ikawa tukio la taifa. Jibu letu ni kwamba tabasamu lake lilikuwa sehemu ya mali iliyouzwa, na wanunuzi walijiona wameuziwa mali mbovu.

Mwaka 1983 mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, Arlie Hochschild, alitoa kitabu chake juu ya wahudumu wa ndege. Alionyesha kwamba mwajiri alinunua nguvu za mikono yao na akanunua pia uchangamfu wao, na kwamba mtu akiuza uchangamfu kwa muda mrefu huanza kutojua upi ni wake na upi ni wa kampuni. Alichokiandika kinamhusu fanani wa mubashara, ila mhudumu wa ndege ana bahati moja: safari huisha, akateremka, akavua sare.

Suala la kuteremka ndilo tunaloliona kuwa kiini cha mambo haya yote. Mtambaji wetu husema "Paukwa!", nasi twajibu "Pakawa!", tangu hapo yeye si bibi tena, ni mtambaji, na anaweza kulia kilio cha fisi au kutukana kwa kinywa cha zimwi bila mtu kumshika neno. Mwisho huifunga ngano kwa maneno yake ya kufungia, kisha huwa bibi, huitafuta kandili, huwaambia watoto wakalale. Wanafunzi huyakariri maneno hayo ya kufungulia na kufungia kwa ajili ya mtihani, kana kwamba ni mapambo ya ngano, ilhali ndiyo mlango anaoingilia na kutokea fanani. Msewe wa mguuni, kinyago, vazi la manju, hata kule kukohoa kwa mghani kabla hajaanza, vyote vina kazi hiyo hiyo.

Mubashara haukupewa mlango. Hadhira ilimpenda Dong kwa kuwa iliamini kwamba aliyeko mbele ya kamera ndiye Dong mwenyewe, hana kinyago. Huo ndio ulikuwa mvuto wake na ndilo lililokuwa jela lake. Kamera ikizimwa hadhira haiondoki. Huendelea kumjadili, unene wake, wembamba wake, nani anamwonea kazini, kwa nini jana hakucheka. Tena kuna mtambo unaochagua nani aonyeshwe kwa nani, na fanani huingoja hukumu yake kama mkulima angojavyo mvua, tofauti ikiwa kwamba mkulima ana msimu wa kupumzika.

Ugomvi wa Desemba 2023 uliuweka wazi upande mwingine wa jambo hili, yaani umiliki wa maneno. Duka la Oriental Selection lilikuwa limezoea kutangaza safari zake za mikoani kwa insha fupi zenye kusisimua, na watazamaji waliamini kwamba mwandishi wake ni Dong. Mtumishi mmoja wa kampuni akaandika hadharani kwamba nyingi katika insha hizo zilitungwa na kikundi cha waandishi wa ofisini. Wapenzi wa Dong wakawaka moto, wakiona kwamba kijana wao anadhulumiwa. Mkurugenzi Sun Dongxu alijitokeza mubashara kueleza, akasema kwa ukali na kuitupa simu mezani. Baada ya siku mbili akaondolewa cheoni, na Dong akapandishwa cheo.

Wengi waliliona jambo hilo kama ushindi wa mfanyakazi dhidi ya bwana mkubwa. Sisi tuna shaka. Katika taarabu mtunzi anaweza kuwa mmoja na mwimbaji mwingine, na hakuna anayevunjika moyo akilijua hilo. Mwimbaji anasifiwa kwa kuimba, mtunzi kwa kutunga. Hadhira ya Dong haikuweza kuvumilia mgawanyo huo, kwa kuwa ilikuwa imenunua moyo wake, na moyo hauna waandishi wasaidizi. Na katika kelele zote zile waandishi wa ofisini walizidi kusahauliwa. Walikuwa watu wa kalamu, pengine nao walikuwa walimu walioangukiwa na agizo lile lile la 2021, na ugomvi ulipokwisha hapakuwa na aliyewataja kwa majina.

Tumezungumza mpaka hapa juu ya waliofanikiwa. Wengi hawakufanikiwa. Ripoti ya wenye sanaa za maonyesho za mtandaoni nchini China, iliyotoka mwaka 2023, ilisema kwamba kati ya watu ambao urushaji mubashara ndio pato lao kuu, asilimia 95 hivi hawakufikia yuan 5,000 kwa mwezi. Wao pia hucheka kwa zamu, hulala mchana na kuamka jioni, hushukuru waridi moja kwa maneno ya waridi mia. Juni 2022 wakuu wa utangazaji na utamaduni wa huko walitoa kanuni za mwenendo wa warushaji, zenye makatazo 31, na kutaka wanaozungumzia tiba, sheria, fedha au elimu wawe na sifa za kitaaluma. Mwezi mmoja kabla ya hapo watoto walikwisha katazwa kutoa zawadi. Makatazo hayo twayaunga mkono. Ila ni makatazo ya nini fanani asiseme na asitende. Yanamlinda mtazamaji. Fanani aliyechoka hakulindwa nayo.

Kwa walimu wa fasihi tungependekeza jambo moja la kazi. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanayatazama mambo haya kila siku, wakiwa na ruhusa au bila ruhusa. Wapewe wamchambue fanani mmoja wa mubashara kwa maswali yale yale ya fasihi simulizi: anafunguaje, anafungaje, hadhira inamjibu kwa njia gani, tunzo inaelekea wapi, na ni lini anaacha kuwa fanani. Mwanafunzi akilipata jibu la swali la mwisho atakuwa ameisoma sanaa hii vizuri kuliko wengi wanaoilaani.

Sisi tulioandikia faili mchana na kutunga mashairi usiku tunaujua uzito wa swali hilo. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi. Mshahara wa karani ulikuwa mdogo, lakini ulililinda shairi: msomaji akilichukia, unga ulikuwapo, na mtunzi aliweza kungoja mwaka mzima kabla ya kuandika jingine. Dong hakupewa nafasi hiyo. Katika mazungumzo ya hadharani ya mwaka 2024, wakati ambapo jina lake lilikuwa limekwisha jaa nchi nzima, alisema kwamba mpaka siku hiyo moyo wake ulikuwa bado unaikataa kazi ya kuuza vitu. Wako waliomcheka kwa kauli hiyo, wakamhesabia pesa zake. Sisi twaamini alisema kweli, na twaamini kwamba hadhira ilimpenda kwa sababu ya kuukataa kwake uuzaji, na kwa hiyo kukataa kwake nako kukawa bidhaa.

Tarehe 25 Julai 2024 aliachana na kampuni yake ya zamani, akabaki na duka lililofunguliwa Januari mwaka huo. Duka hilo laitwa Yuhui Tongxing. Jina limechezewa kwa ustadi wa kishairi: kwa sauti, mwanzo wake ni jina lake hasa, Yuhui, kwa maandishi ya Kichina lasomeka "kwenda safari pamoja na Hui". Watunzi wetu wa zamani waliyatia majina yao katika ubeti wa mwisho, shairi likafungwa hapo. Yeye jina lake limebandikwa juu ya mlango wa duka, na siku ambayo hakuonekana, wateja waliingia, wakatazama, wakauliza amekwenda wapi.